Nilifeli mtihani wa taipu makusudi mara mbili ili nisirudishwe kwetu

Wakuu, salaam kwa wote mliomo humu, wakubwa kwa wadogo.

Haya ninayosimulia ni yangu mwenyewe, si ya rafiki wala ya jirani. Mke wangu nimemsomea kabla sijayaweka hapa, na amenifutisha sehemu mbili ambazo anasema nilikuwa nimejipamba. Yaliyobaki ni kweli tupu.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja humu aliyelalamika juzi. Ameoa nje ya nchi, anasubiri kibali cha kazi, ameambiwa asome wakati anasubiri, na anasema anakaribia kurukwa na akili. Mdogo wangu, nimekuelewa kuliko unavyodhani. Yalinikuta hayo hayo, Nairobi, miaka ya tisini.

Mimi ni mtu wa Musoma, naitwa Marwa. Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji.

Nyie wa kompyuta hamjui shida. Zamani kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi. Unakiokota kwa vidole kutoka kwenye kisanduku chake, unakipanga kwenye mstari, tena kinyumenyume, mpaka ukurasa ujae. Niliianza nikiwa na miaka kumi na saba. Vidole vyangu vilikuwa vinajua kila herufi ilipo bila macho kusaidia.

Nyambura alikuja Musoma na kwaya ya kanisa lao la Kawangware, Nairobi. Wakamtuma kiwandani kwetu kuchukua vikaratasi vya nyimbo. Akavikumbatia kabla wino haujakauka, gauni jeupe likabaki na beti tatu za wimbo kifuani. Nikajua atalia. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi hapo nikawa nimekwisha.

Nafupisha. Barua zilienda na kurudi mwaka na nusu, nikaacha kazi, nikapanda kwenda Nairobi, tukafunga ndoa kanisani kwao.

Baba mkwe wangu, Mzee Njoroge, alikuwa mwenyeji hasa wa Kawangware, pale wanapopaita 46. Alikuwa na ploti yenye vyumba vya mabati vya kupangisha mstari mzima, bomba moja katikati na ng'ombe wawili nyuma. Akasema tuchukue chumba kimoja, hataki kodi.

Nikakataa. Kwetu mwanaume hakai kwenye boma la mkwewe, halafu asubuhi mama mkwe amkute bombani anapiga mswaki. Nikatafuta chumba Kibera, Sarang'ombe. Nyambura alikuwa akifundisha watoto wa nursery upande wa Ayany, kwa hiyo yeye alikuwa jirani na kazi yake.

Mimi kazi sikuwa nayo, ila kiburi nilikuwa nacho cha kutosha.

Sasa twende uhamiaji.

Nilidhani nimeoa Mkenya, basi yamekwisha. Nikaenda na cheti cha ndoa ndani ya bahasha ya kaki, nimevaa suti ile ile ya harusi. Mama wa dirishani alikuwa mpole, akanieleza taratibu kabisa. Sheria ya wakati ule ilikuwa hivi: mwanamke wa nje akiolewa na Mkenya anaweza kuandikishwa uraia. Mwanaume wa nje akioa Mkenya hapati chochote kwa ajili ya ndoa. Ni mgeni kama mgeni mwingine. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa imekufa, hii mpya ilikuwa bado, kwa hiyo Utanzania wangu haukunisaidia kitu.

Akasema njia ipo. Mwajiri aniombee permit ya kazi. Na wakati nasubiri, nikitaka kukaa kihalali, nisome, maana chuo kikinisajili nitapewa pass ya mwanafunzi. Ila kazi nisiguse.

Mwajiri nilikuwa naye. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kiwanda cha uchapaji huko Kawangware aliyenijaribu nusu saa tu akataka nianze kesho yake. Akajaza fomu, akaandika kwamba mimi ni fundi stadi. Tukaambiwa tusubiri barua.

Chuo nacho nikakipata, 46 hapo hapo, ghorofani juu ya bucha. Chuo cha taipu. Nilikichagua kwa sababu ada yake Nyambura aliimudu, na kwa sababu taipu ina herufi. Niliona angalau nitakuwa karibu na herufi.

Wakuu, darasa lilikuwa na wasichana kumi na saba, na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina pete kidoleni. Waliniita Uncle. "Sasa, Uncle," ndiyo salamu ya kila asubuhi, halafu kicheko kinapita safu nzima.

Mwalimu alikuwa Madam Akoth, mama wa Kijaluo aliyetoka kando ya ziwa zamani, mnene, mkali, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Anafunika mikono yako kwa kitambaa ili usichungulie vitufe. Ukikosea unarudia mstari. Ukikosea tena anasimama nyuma yako kimya, na hapo ndipo unakosea zaidi.

Mimi wiki ya pili nilikuwa sichungulii. Mtihani wa Stage One, hatua ya kwanza, nikaupita kama maji. Nyambura akanipikia kuku.

Barua ya permit haikuja.

Hapa niwaambie ukweli kuhusu kusubiri, maana kijana wetu ndicho kinachomtafuna. Kinachouma si umaskini, ni mikono. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa nikikaa chumbani napanga vijiko kwa urefu. Napanga sufuria za Nyambura kwa ukubwa, yeye akirudi hapati mwiko. Nikipita njiani nasoma mabango ya maduka na kuudhika kwa jinsi herufi zilivyobanana. Siku moja niligombana na fundi viatu wa pale Sarang'ombe kwa sababu ya bango lake, mtu wa watu hakunikosea chochote.

Kutoka kwangu hadi chuoni nilikuwa natembea. Napita Ayany, natoka Ngong Road, nateremka mpaka Kawangware, saa nzima na ushee. Jioni narudi vile vile. Siku zisizo na darasa nilitembea pia, nafika chini ya dirisha la chuo, nageuka. Nyambura alijua, akawa ananibadilishia soli za viatu tu.

Pass yangu ilipokaribia kwisha nikaenda kuiongeza. Kwenye benchi nikakaa karibu na Mganda mmoja, Okello, mtu wa makamo mwenye mkoba wa ngozi. Yeye alikuwa ameoa Mkenya pia, na alikuwa na miaka mingi katika mambo ya karatasi. Kila aliyeingia alimsalimia yeye kabla ya afisa.

Akachukua pass yangu, akaisoma, akatikisa kichwa.

Akaniuliza kozi yangu inaisha lini. Nikamwambia nimebakiza Stage Two, mtihani uko karibu, nitaupita bila shaka.

"Na ukipita utakuwa nani?" akaniuliza. "Student umemaliza, permit haijatoka. Utakuwa mtu wa kurudi kwenu, brother. Usipite. Feli pole pole."

Nikamuuliza yeye amefeli mara ngapi. Akaninyooshea vidole vinne, tena kwa fahari kidogo.

Nikamwamini, wakuu. Dirisha lilikuwa hatua sita mbele yangu, na yule mama mpole alikuwepo. Sikwenda kumuuliza. Niliona nikiuliza ndiyo nitakuwa nimewashtua kwamba namaliza.

Basi Stage Two nikafeli.

Kufeli taipu kwa mtu anayejua ni kazi ngumu, msione hivi. Ukikosea sana watasema umelewa. Nikawa nakosea kila baada ya mistari miwili mitatu, herufi moja hapa, neno moja kule, mkono wa kulia kisha wa kushoto, ili ionekane kawaida. Na mimi nilifundishwa na mzee wa Musoma aliyekuwa anakuchapa rula ukiacha kosa liende kwenye mashine. Kila kosa nililoweka, nilikuwa kama naisikia ile rula vidoleni.

Nyambura alikuwa ananingoja nyumbani. Nikamwambia nimeshindwa.

Sikumwambia kwa nini, na hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilijiambia kwamba yeye hawezi kumdanganya baba yake, na Mzee Njoroge akijua, Kawangware nzima itajua. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili mke wangu amesema niandike kama ilivyo: niliona aibu kumwambia kwamba naogopa kurudishwa. Niliona heri anione mzito kuliko anione mwoga.

Yeye hakunilaumu hata kidogo. Kesho yake alirudi kutoka nursery na upande mmoja wa boksi la chaki, boksi kubwa. Alikuwa amechora vitufe vyote vya taipureta kwa kalamu ya wino mzito, vimepangwa sawasawa, kila herufi kwenye duara lake. Alikuwa ametumia saa yake ya chakula kukopi kutoka kwa mashine ya ofisi ya mwalimu mkuu.

"Utakuwa unapractice hapa," akasema. "Watoto wangu wa nursery nawafundisha hivyo hivyo, na wanashika."

Kuanzia hapo kila jioni, jiko likiwa linashika moto, tulikaa mezani. Yeye anataja herufi, mimi naigusa. Na mimi nilikuwa naigusa pole pole, na mara nyingine naikosa. R ilikuwa ndiyo niliyoikosa zaidi, sijui kwa nini niliichagua R. Alikuwa anakishika kidole changu, anakipeleka. "Hapa ndio R, Marwa. Usijali, utashika tu."

Nilikuwa namwacha anipeleke kidole. Mbaya zaidi, nilianza kupenda kuhurumiwa. Mtu asiye na kazi mji wa watu, huruma ya mkewe inakuwa chakula.

Miezi ikapita. Barua hakuna. Mtihani ukarudi, nikafeli tena.

Jumapili tulikuwa tunakwenda kwa Mzee Njoroge baada ya ibada. Mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, nyama, chai ya maziwa mengi. Hiyo Jumapili palikuwa na shemeji na majirani, na Mzee alikuwa amechangamka. Akanigeukia.

"Huyu muthoni wangu anasomea taipu miaka mbili. Kwani hiyo mashine iko na gia?"

Muthoni kwao ni mkwe. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nyambura peke yake hakucheka. Alimwambia baba yake, mbele ya wote, kwamba si kila mtu mkono wake ni mwepesi, na kwamba mume wake anajaribu kuliko mtu yeyote aliye hapo, na atapita.

Njiani nilitaka kumwambia. Tulipofika Ngong Road nilifungua mdomo, nikaishia kusema mvua itanyesha.

Haya, barua ikaja.

Ilikuja kwa yule bosi mtarajiwa, naye akaniita. Kamati inayoangalia maombi ilikuwa imefika kwenye jina langu. Ilitaka vitu viwili ndani ya siku sitini. Cha kwanza, barua ya familia ya mke kuthibitisha ndoa. Cha pili, uthibitisho kwamba mwombaji ana ujuzi: cheti cha fani, au kama bado anasoma, matokeo yake yote ya chuo.

Cheti cha kupanga herufi mimi sikuwa nacho. Nilifundishwa kwa rula, si kwa cheti. Kwa hiyo kilichobaki ni matokeo. Stage One amepita. Stage Two amefeli. Stage Two amefeli.

Bosi alizitazama zile karatasi mbili, aliyoandika yeye "fundi stadi" na ile ya chuo, akaniuliza ni ipi apeleke. Nikamwomba asipeleke bado.

Nilipanda ngazi za chuo siku hiyo hiyo. Madam Akoth alikuwa anabadilisha utepe wa mashine, peke yake. Nikamweleza yote, Okello na benchi na kila kitu. Nilitegemea atashangaa.

"Marwa, mtu asiyejua, makosa yake hukaa mahali pamoja," akasema bila kuinua macho. "Yako yalikuwa yanatembea. Nilijua unanichezea, nikangoja nijue ni ya nini."

Halafu akavua miwani, akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Kwani hukuuliza? Ungepita Stage Two ungeandikishwa Stage Three, na pass ingeongezwa. Ukimaliza hiyo kuna shorthand. Kuna bookkeeping. Alisema hapo kwake kuna kozi mpaka niote mvi.

Wakuu, nilikaa chini kwenye ngazi. Mwaka mzima nimejichafua bure. Hakuna aliyenitaka nifeli isipokuwa mtu wa foleni ambaye naye alikuwa anafeli bure.

Mtihani mwingine ulikuwa wiki tano mbele. Madam akasema atanisajili, na ataandika ripoti ya kweli, hatapunguza wala kuongeza. Akaniwekea karatasi, akaniambia nitaipu kama mtu mzima.

Nikaweka vidole. Mstari wa kwanza safi. Wa pili kosa. Wa tatu kosa. Sikuwa nafanya makusudi, naapa. Nilikuwa nimevizoesha vidole kukosea mwaka mzima, na sasa vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Niliogopa siku ile kuliko siku zote za Nairobi.

Nikatembea kurudi Kibera, na safari hii niliomba njia iwe ndefu zaidi. Nyambura alikuwa amesharudi. Boksi lilikuwa mezani, kikombe cha chai pembeni yake. Akakaa, akaanza kutaja kama kawaida, A, S, D.

Nikaweka mikono yote miwili juu ya lile boksi, nikafumba macho, nikamtaipia. Nilitaipu wimbo wao wa kwaya, ule uliobaki kwenye gauni lake, beti zote tatu. Kwenye boksi mashine hailii, unasikia vidole tu. Havikukosea hata mara moja, au labda vilikosea, boksi halisemi.

Nilipofumbua macho alikuwa amejishika mdomo.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia tangu mwanzo. Nikamwambia sababu zote, ile ya Okello na ile ya woga.

Hakupiga kelele. Alisema maneno machache, na hayo ameyaruhusu yabaki hapa.

"Nilikuwa nakushika kidole nakuambia hapa ndio R. Na ulikuwa unaniangalia tu. Nimebishana na baba yangu juu yako, Marwa. Umenifanya nimdanganye na mimi sijui."

Akaligeuza lile boksi uso chini. Akaweka nguo kwenye mfuko, akaenda Kawangware. Alisema anakwenda kupumzika.

Siku zile sizitamani tena. Nilikuwa sikai, silali vizuri, nakwenda chuoni kabla bucha haijafunguliwa, nataipu mpaka Madam ananifukuza. Ploti ya Mzee ilikuwa nyuma tu ya chuo, nilisikia ng'ombe wao wakilia nikiwa kwenye mashine. Sikuthubutu kwenda. Na lile boksi nyumbani sikuligeuza. Nilikuwa nakula kwenye stuli.

Siku ya nane Mzee Njoroge akaniita.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na ng'ombe, barua ya kamati iko gotini, bosi alikuwa amempelekea. Nyambura alikuwa mlangoni kwa mama yake anakata mboga ya sukuma, amenipa mgongo. Alisikia kila neno.

Mzee akasema binti yake amekuja na nguo za wiki na hasemi kitu. Ameulizwa na mama yake, ameulizwa na dada zake, hasemi. Na sasa yeye anatakiwa aiandikie serikali juu yangu.

"Nimesikia umefeli tena," akasema. "Sasa niambie, mimi nitaandika juu ya mjinga ama juu ya mwongo?"

Ndugu zangu, nilipata mlango pale. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mjinga, mji mzima ulinijua hivyo. Ningesema mjinga, angecheka, angeandika, permit ingekuwa imepata barua yake. Nyambura hakuwa amenitaja. Hata akiwa na hasira vile alikuwa amenifichia.

Nikasikia kisu chake kimeacha kukata sukuma.

"Mwongo, Mzee," nikasema.

Nikamweleza yote nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamkuna ng'ombe shingoni.

"Mjinga ningemwandikia leo," akasema, "kwa sababu mjinga hana la kufanya. Mwongo lazima nimfikirie kwanza."

Nikaondoka bila barua. Nyambura hakugeuka.

Siku ya mtihani ikafika, na barua ya Mzee nilikuwa bado sijaipata. Nilipanda zile ngazi nikiwa na shati moja la heshima. Msimamizi akatoa karatasi, akasema anza.

Mistari ya mwanzo nilisikia vidole vinataka kutoroka. Nikafanya kama alivyonifundisha mzee wa Musoma: usikimbize ukurasa, panga mstari ulio mbele yako tu. Mstari mmoja, kengele, rudisha. Mstari mwingine, kengele, rudisha. Baada ya hapo sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba mikono iliacha kuniwasha, mara ya kwanza tangu nivuke mpaka.

Nilipotoka nikamkuta Nyambura amekaa ngazini, bahasha iko mapajani. Alikuwa hapo tangu mtihani uanze.

Taipureta inalia kengele ukikaribia mwisho wa mstari, mnakumbuka? Akaniambia alikuwa anasikiliza. Wengine walikuwa wengi mle ndani, lakini kulikuwa na kengele moja inayolia upesi upesi kuliko zote.

"Nikasema hiyo ndio yeye," akaniambia. Halafu akaongeza kwamba nisijione nimesamehewa, ila yuko hapa.

Kwenye bahasha kulikuwa na barua ya baba yake, kwa mwandiko wake wa kubonyeza kalamu. Ilisema mimi ni mume wa binti yake, tumefunga ndoa kanisani, yeye alikuwepo. Mwishoni aliandika kwamba mimi ni mtu mwenye mikono ya kazi, na kwamba husema kweli akibanwa.

Ikaenda hivyo hivyo, pamoja na ripoti ya Madam ambayo nayo haikunificha. Matokeo yakaja, nimepita vizuri, yakapelekwa. Tukasubiri tena, miezi minne. Safari hii niliandikishwa Stage Three wakati nasubiri, na nilikwenda kuuliza dirishani kwanza. Permit ikatoka. Mshahara wa kwanza nikampelekea Mzee Njoroge mbuzi, kwa sababu kwao ukikosea nyumba ya mkwe huji mikono mitupu. Alimchinja siku hiyo hiyo, tukala, akaniuliza tena kama ile mashine iko na gia.

Cha kuchekesha ni kwamba pale kiwandani herufi za risasi nilizishika mwaka mmoja tu. Bosi akaziuza kama vyuma chakavu, akaleta kompyuta. Kilichonilisha mpaka nastaafu ni kile kitufe nilichojifanya sikijui.

Sasa kijana wetu, nilichojifunza ni hiki. Swali la karatasi liulize dirishani, usiliulize kwenye foleni. Kwenye foleni kila mtu ni mwalimu, na wote hawajapita. Na soma kweli, usisome kupoteza siku, maana hujui ni kipi utakachoitishwa. Lakini la mke ndilo kubwa. Mwambie kwamba unaogopa. Mimi niliona woga utanishusha, kumbe kilichonishusha ni kile kidole nilichomwachia ashike.

Na mliowahi kukaa kwenye benchi kama lile, semeni mlivyokaa. Mwenye mawe arushe, nimeshazeeka, hayaumi sana.

Lile boksi la chaki tunalo bado, liko juu ya kabati. Duara la R limefifia kabisa kwa kidole. Kila nikianza kueleza jambo na maelezo yakawa marefu, Nyambura analishusha, analiweka mbele yangu, anasema, "Haya, Marwa, taipu."

Leo, nilipomsomea huu uzi mara ya kwanza, nilipofika pale nilipojipamba, alilishusha.